Mume wa Kiini cha Zamani

Mwisho wa mwezi, kabla ya chai ya asubuhi, Fundi alisafisha feni ya mashine kuu kwa brashi ya rangi, akasogeza ndoo iliyokinga matone ya kiyoyozi, kisha akachomeka diski ya nje ya mhasibu. Taa ya diski iliwaka buluu, ikazima. Mashine haikuiona. Haikuwa imeiona hata siku moja tangu ibadilishwe kiini, na Fundi hakutarajia iione leo. Alichomeka kwa mazoea tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamehama.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya ghala la baridi la kampuni ya nyama. Kilikuwa na meza moja, viti viwili, na dirisha la kioo lililotazama ukumbi wenye milango ya chuma. Juu ya kiti cha pili alikuwa ametandika taulo.

Mashine yenyewe ilikuwa ya Linux. Mashine za namna hiyo zina kiini ndani, kama tunda lilivyo na kokwa, na kiini ndicho kinachoijulisha mashine kila kinachochomekwa: hii kibodi, hii diski, hiki kisanduku cha kufuli za milango. Kila baada ya muda hutoka kiini kipya. Kinawekwa, lakini cha zamani hakitupwi papo hapo, kinaachwa pembeni kama sufuria ya zamani inavyoachwa chini ya meza, maana huwezi kujua ile mpya itakufanyia nini. Mtu akiwasha mashine anaweza kuulizwa anataka kiini kipi. Wengi hawajui kwamba wanaulizwa, kwa sababu mashine hungoja kidogo tu kisha inajichagulia yenyewe.

Diski ya mhasibu ilijulikana na kiini cha zamani peke yake. Kwa hiyo Fundi aliizima mashine, akaiwasha, akateremka kwenye orodha mpaka kwenye mstari wa chini, akabonyeza. Feni ilinguruma. Taa ya diski ikawaka buluu na kubaki ikiwaka. Huko ukumbini mlango wa pili ukalia tik, ukafunguka, na mume wake akatoka.

Alikuwa amefariki mwaka juzi, mle mle ndani. Wapakiaji wenzake walimwita Mrefu, na alipotoka aliinama kama kawaida yake ili asigonge fremu. Alikuwa na koti lake la kazi, na barafu kwenye nyusi. Aliipangusa kwa mgongo wa mkono.

“Mrefu, tayari mwisho wa mwezi?” aliuliza mpakiaji mmoja aliyekuwa akisukuma toroli.

“Tayari.”

“Mwezi huu umekimbia. Wewe huko kwenu kuna ubaridi, wenzio tunaungua.”

“Karibuni,” alisema Mrefu.

“Hatuna haraka,” alijibu yule mpakiaji, akaendelea kusukuma.

Mrefu aliingia chumbani kwa mkewe, akakaa juu ya taulo. Fundi alimmiminia chai. Hakuwa akinywa. Alikishika kikombe kwa viganja vyote viwili mpaka mvuke uishe, kisha alikirudisha mezani, na chai ikawa na ngozi nyembamba ya barafu.

“Mama hajambo?”

“Hajambo. Magoti tu.”

“Anatoka?”

“Hatoki. Nyama nanunua mimi, mtaa wa pili. Kwa mwuza nyama wa pale kwetu hataki hata kupita.”

Mrefu alitazama mikono yake. “Bado wananiita mwizi?”

“Bado.”

Mhasibu aliingia, akamsalimia marehemu kwa kumpa mkono, akaketi pembeni kunakili hesabu zake za akiba ya nyama kutoka kwenye diski. Ilimchukua muda. Yeye alikuwa mtu wa kuandika kwa kidole kimoja. Mume na mke walikaa bila kusema mengi, kama watu waliooana zamani wanavyokaa, na mhasibu alipomaliza, Fundi alizima mashine na kuirudisha kwenye kiini kipya. Kabla hajaizima Mrefu alikuwa amekwishanyanyuka, akaingia mlango wa pili na kuuvuta mwenyewe nyuma yake. Taulo lilianikwa kwenye bomba.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka juzi mashine ilikuwa ikiandika ujumbe kwenye kioo cha Meneja kila asubuhi kwamba kuna kiini kipya, je, anakikubali? Fundi alikuwa amemwambia asiguse. Alisema kiini kipya lazima kijaribiwe kwanza Jumapili, ghala likiwa tupu, kwa sababu kisanduku cha kufuli ni cha zamani na huenda kisijulikane. Meneja alisema sawa. Siku iliyofuata Fundi alitumwa tawi jingine, na Meneja, ambaye alikuwa amechoka kuulizwa jambo moja kila siku, akabonyeza kubali.

Mashine ilijizima, ikajiwasha. Kiini kipya kilikitazama kisanduku cha kufuli na hakikukijua. Milango ilibaki kama ilivyokutwa, na ilikutwa imefungwa. Kitufe cha kufungulia kilichokuwa ndani kilipeleka habari kwenye kisanduku, kisanduku kikaipeleka kwenye mashine, na mashine haikuwa na habari na mtu yeyote anayeitwa kisanduku. Ndani alikuwamo Mrefu peke yake, wenzake walikuwa kwenye chakula. Mrefu aligonga mlango kwa viganja, lakini mlango ule ulikuwa mnene kama godoro. Basi akateremsha paja la ng'ombe lililoganda kwenye kulabu, akagonga nalo.

Walipomkuta alikuwa amelikumbatia.

Taarifa ya kampuni ilisema marehemu aliingia bila ruhusa wakati wa chakula kwa nia ya kuiba, na kwamba alikutwa na paja la ng'ombe mikononi. Wiki iliyofuata milango yote iliwekewa komeo la mkono kwa ndani. Wiki ya pili kuta na milango ilipakwa rangi nyeupe. Taarifa ilibaki vilevile, na kila mwezi Meneja alipowakusanya wapakiaji kuwakumbusha usalama, alimalizia kwa kusema wasije wakawa kama yule aliyeponzwa na tamaa. Siku ambayo mkutano uliangukia mwisho wa mwezi Mrefu mwenyewe alisimama nyuma akasikiliza, na Meneja akamfanya mfano kwa kumwonyesha kwa mkono, kwa adabu, bila kumnyooshea kidole.

Fundi hakulia siku hiyo. Alikuwa ameacha kulia kama mtu anavyoacha sukari, kidogo kidogo, mpaka hamu ikaisha. Alifanya kazi yake. Alichokuwa anakitaka kilikuwa kimoja tu: lile neno liondolewe juu ya mumewe, na liondolewe Mrefu akiwa bado anaweza kutoka na kulisikia likiondolewa.

Kisha mashine ikajaa.

Haikujaa yote. Ilijaa ile sehemu ndogo mbele ya diski yake ambamo viini hukaa. Sehemu hiyo ni ndogo kama kabati la viungo, na viini vilikuwa vimebanana humo, kingine hakiingii mpaka kimoja kitoke. Kiini kipya zaidi kilikuwa nje kinangoja. Meneja alikuja kusimama mlangoni kwa Fundi, kalamu sikioni.

“Fundi, naambiwa kuna makorokoro humo ndani.”

“Si makorokoro, bosi. Ni viini vya zamani.”

“Vya zamani si ndiyo makorokoro? Futa.”

“Diski ya mhasibu inakitegemea kile cha chini kabisa.”

“Mhasibu nimempa diski mpya. Amehamisha kila kitu.” Alikuwa mtu mwenye malezi. “Najua mwenzio anatumia kile. Mimi sina ugomvi na Mrefu, wewe unaona, kila akija namsalimia. Lakini ghala haliwezi kuendeshwa kwa ajili ya mtu mmoja.”

“Mkaguzi wa usalama kazini anakuja Jumatano,” alisema Fundi. “Niache mpaka akishaondoka.”

Meneja alifikiri, akaona haina ubaya.

Jumatano Fundi aliwasha mashine kwa kiini cha zamani kabla hata ndoo haijamwagwa. Mkaguzi alimkuta Mrefu amekwishakaa kwenye taulo. Alikuwa mwanamume mpole wa makamo, mwenye mafua, na alijifunga skafu vizuri zaidi alipoketi mkabala naye.

“Wewe ndiye marehemu?”

“Ndiye mimi.”

“Pole sana.”

“Nimeshapoa, mzee.”

Meneja alicheka kidogo, Mkaguzi naye akacheka, wakawa wamezoeana.

“Siku ile uliingia kwa ruhusa ya nani?”

“Kwa zamu. Nilikuwa nahamisha mzigo wa jana. Wenzangu walitangulia kula, nikasema namalizia kulabu ya mwisho.”

“Na lile paja?”

“Nilikuwa nabisha hodi nalo. Kiganja hakitoi sauti kwenye mlango ule.”

“Ulibisha sana?”

“Mpaka mkono ukaacha kuwa wangu.”

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa. Alinyanyuka, akaingia mlango wa pili pamoja na Mrefu, Fundi akifuata. Kwa ndani, usawa wa kifua cha mtu mrefu, bati la mlango lilikuwa limebonyea hapa na pale. Mkaguzi alipitisha kidole kwenye mabonyeo taratibu, kama mama anayetafuta jino jipya kwenye ufizi wa mtoto.

“Hapa pamepakwa rangi.”

“Tulipaka ghala zima,” alisema Meneja kutoka nje. “Usafi.”

“Vizuri. Na nani aliiruhusu mashine ibadilike mchana?”

“Mimi,” alisema Meneja. “Ilikuwa inauliza kila asubuhi. Inauliza, inauliza. Mtu anachoka.”

“Inachosha kweli,” alisema Mkaguzi. “Hata yangu ofisini iko hivyo.”

Walirudi chumbani. Mkaguzi alipenga kamasi, akakunja leso yake pembe kwa pembe.

“Sasa ile taarifa itabadilishwa?” aliuliza Fundi.

“Mama, nimeelewa kila kitu. Mambo yalikuwa kama anavyosema, mimi sina shaka nayo. Lakini taarifa hubadilishwa na shahidi, na huyu si shahidi, ni mhusika. Na maelezo ya mhusika huchukuliwa akiwa hai. Akiwa amefariki, huchukuliwa ya mwajiri.” Alimgeukia Mrefu. “Sheria haikukusahau kwa ubaya, ndugu yangu. Haikukufikiria tu.”

“Haya,” alisema Mrefu.

“Na hawa wamekwishaweka makomeo. Jambo zuri sana.”

Kabla hajaondoka Mkaguzi aliyajaribu makomeo yote, akayasifia. Meneja alimwomba Mrefu awasaidie kuinua friza lililokwama kwenye mtaro, kwa kuwa wapakiaji wa siku hizi ni wafupi, na Mrefu akawasaidia.

Mchana huo Fundi alikaa na mumewe, diski ndogo ya nje mkononi, saizi ya kiberiti. Ilikuwa yake mwenyewe.

“Kesho nakifuta,” alisema. “Lakini leo nitakinakili humu. Nitaipanga hii diski iweze kuwasha kompyuta peke yake, bila kutegemea ya ndani. Nitaichomeka kwenye ile kompyuta yangu ya kubeba, nyumbani.”

Mrefu aliigeuza diski, akaiangalia upande huu na upande huu.

“Mimi nitaenea humu?”

“Wewe huenei popote. Hata kitandani ulikuwa unatoa miguu.”

“Na mlango je? Nyumbani hakuna mlango wa baridi.”

“Sijui. Utatafuta.”

“Nitatafuta,” alisema. “Mama anataka nije?”

“Mama anataka uje mchana, watu wakuone. Anasema maneno ya kuletewa yana chumvi ya mletaji. Wasikie kwa mdomo wako.”

Basi alinakili. Kazi ilipoisha hakuichomoa diski hivi hivi. Diski ya nje haing'olewi kama magugu. Unaiambia mashine kwanza kwamba unaiondoa, unangoja imalizie yote iliyokuwa bado haijaandika, ikikuruhusu ndipo unachomoa. Wanaokosa subira huchomoa mapema, na baadaye hukuta faili lina kichwa halina miguu. Fundi alimtazama mumewe, akafikiria miguu yake, akangoja. Mashine ilipomruhusu alingoja tena kidogo.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kiini chenyewe. Kiini hakifutwi kikiwa kinatumika, kama vile mtu hakati tawi alilokalia, hivyo ilibidi mashine iwashwe kwa kipya na Mrefu arudi ndani kwanza. Alirudi Jumatano ile ile jioni, kwa miguu yake, akavuta mlango. Asubuhi Fundi aliandika amri ya kufuta. Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Mashine zote huuliza hivyo. Hakuwa na hakika, akaandika ndiyo. Mstari ulipita, ukafuatwa na mwingine, na ile sehemu ndogo ikapata nafasi. Kiini kilichokuwa nje kiliingia, kikakaa. Mlango wa pili haukulia wala kufanya chochote. Meneja alipita, akauliza kama tayari, akaambiwa tayari.

Diski ilikuwa kwenye mkoba wake, imefungwa kwenye leso. Alipofika nyumbani leso ilikuwa imelowa.

Mama mkwe alikuwa mezani akichambua maharage, miwani puani. Fundi alimwamkia, akafungua kompyuta kando ya sinia, akachomeka diski, akaiwasha.

“Ndiyo yeye huyo?” aliuliza mama mkwe.

“Ndiyo yeye, mama.”

“Ameingia kwenye kadude kadogo hivyo?”

“Ndiyo.”

Mama mkwe alisogeza maharage yasije yakamwagika. Kompyuta iliandika mistari yake, ikatulia. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha friji lao la jikoni, ambalo lilikuwa fupi kuliko meza, likafunguka kutoka ndani, na goti likatokea.

“Polepole,” alisema mama mkwe, akainuka kwenda kuishika chupa ya maziwa. “Polepole, baba. Kunja bega. Hilo jingine. Haya.”

Alitoka kwa vipande, kama mwavuli, akasimama jikoni akijinyoosha. Mama mkwe alimpapasa uso, akampapasa masikio, akasema amekonda. Alimpa sweta la marehemu baba yake juu ya lile koti. Kisha akavaa viatu vyake vya kutokea, ambavyo vilikuwa vimekaa chini ya kitanda tangu msiba, akavifuta kwa pindo la nguo.

“Twendeni,” alisema. “Kabla jua halijapungua.”

Walikwenda watatu. Fundi alibeba kompyuta kwenye kapu, kifuniko wazi kidogo na diski imechomekwa, akiangalia betri. Mrefu hakuweza kwenda mbali nayo. Alipotangulia sana kwa zile hatua zake ndefu alianza kufifia kuanzia viatuni, na mama yake akamvuta mkono, “Subiri wenzio.” Watu wa mtaani walimsalimia. Mmoja alimwuliza habari za huko, akajibiwa nzuri. Mwingine alimwambia ameadimika. Mama mkwe hakusimama kwa yeyote. Alikuwa anakwenda kwa mwuza nyama, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema lile neno kwa sauti, dukani, watu wakiwa kwenye foleni na mama mkwe mwenyewe akiwa kwenye foleni hiyo.

Mwuza nyama alikuwa ananoa kisu. Alikuwa na duka safi, vigae vyeupe, na mapaja ya ng'ombe yakining'inia kwenye kulabu kutoka ukutani mpaka mlango wa stoo.

“Mama! Siku nyingi. Na Mrefu! Karibuni, karibuni.” Alimpa mkono. “Lo, mkono baridi.”

“Mwanangu ana neno,” alisema mama mkwe. “Msikilize.”

Mrefu alisema. Alisema habari ya zamu, kulabu ya mwisho, na mashine iliyobadilishwa kiini watu wakiwa kazini. Alieleza jinsi kiganja kisivyotoa sauti kwenye mlango ule, na jinsi alivyoshusha paja akabisha nalo hodi, na kwamba hakuna aliyesikia kwa sababu wote walikuwa wanakula. Hakuongeza wala hakupunguza. Mwuza nyama aliweka kisu chini ili asikilize vizuri. Wanunuzi wawili waliokuwapo nao walisikiliza.

“Ndiyo,” alisema mwuza nyama alipomaliza. “Paja lililoganda lina sauti. Mimi najua. Likianguka sakafuni hata mke wangu husikia kule uani.”

“Kwa hiyo umeelewa,” alisema mama mkwe.

“Nimeelewa kabisa, mama. Ulikuwa unabisha hodi, ndugu yangu. Masikini. Kumbe ulikuwa unabisha hodi.” Wale wanunuzi nao walitikisa vichwa kwa huruma.

Mama mkwe alishusha pumzi. Aliomba nusu kilo. Mwuza nyama alimkatia sehemu nzuri, akaipima wazi mbele yake, akamwongezea mfupa wa supu na kumwambia asikae kimya hivyo tena, wao ni majirani. Kisha, huku akimwuliza Fundi habari za kazi, alianza kuyateremsha mapaja yaliyokuwa upande aliosimama Mrefu, moja baada ya jingine, akiyapeleka ndani. Aliuliza kama kwao maji yanatoka. Fundi alisema yanatoka. Akateremsha mengine mawili, akayakumbatia kwa pamoja kifuani, akaelekea stoo.

Mlango wa stoo ulikuwa umejifunga. Mrefu alimfungulia, akamshikia, kwa kuwa mikono ya yule bwana ilikuwa imejaa.